Uzio wa Kazija

Mmesikia watu wakisema, "Uzio mrefu hukondesha kombe," mkacheka. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini nyinyi mmeuliza, basi nitawaambia. Neno hili lilitoka pwani, kwa wanawake wafugao kombe, wale chaza wa maganda mawili.

Desturi yao ilikuwa hivi. Maji yakipwa, kila mwanamke huokota kombe wachanga akawaweka ndani ya duara lake la mawe, fupi, la kufika kwenye kifundo cha mguu. Chakula hawapewi. Maji yakijaa hupita juu ya mawe na katikati yake, yakawaletea vijichembe wanavyokula, na kombe wakanenepa wenyewe.

Kazija alifuga jirani na wifi yake Mize, mjane wa kaka yake. Duara la Kazija lilikuwa mbele, upande wa bahari, na la Mize nyuma yake. Mize hakuwa na shamba wala mtoto. Kombe wale ndio waliomweka pale kijijini.

Siku moja Kazija alikuta kombe wake wamepungua. Hakuuliza mtu. Moyo wake ulikwenda moja kwa moja kwa Mize, na dhana mbaya haina dawa. Akaanza kupandisha mawe, akaziba mianya kwa tope, uzio ukafika magotini, ukapanuka hadi kulizibia maji duara la Mize lote.

"Wifi, ukuta huu wa nini?" Mize akauliza.

"Wa mwizi," Kazija akajibu bila kumtazama.

Mize akasema, "Basi niachie japo upenyo wa maji. Wangu wanakonda."

"Wakikonda ni wako, si wangu."

Kombe wake walipokwisha kufa, Mize alifunga mkeka wake akaenda kwa ndugu zake Pemba. Kazija aliona amemkomesha.

Ulipofika wakati wa kuvuna, Kazija akapasua kombe wa kwanza. Ganda kubwa, nyama kama ukucha. Wa pili hivyo hivyo. Akaokota mmoja nje ya uzio, aliyejiotea tu, akamkuta amejaa hadi mdomoni. Hapo akaelewa ni nini alichokizuia. Akaanza kubomoa mawe kwa hasira, na chini ya jiwe la msingi akamkuta pweza amejikunja, maganda matupu ya kombe yamelundikana mlangoni pake.

Alikwenda Pemba kuomba radhi. Mize alimpokea, akampikia, akamwambia, "Nimekusamehe, wifi. Lakini kurudi, sirudi."

Kazija alirudi peke yake. Mwaka uliofuata kombe wake walinenepa kupita wa wote, naye hakuwa na wa kumpelekea bakuli la mchuzi. Kila alipomwona msichana akipandisha mawe, alimsogelea, akamwambia kwa upole: mwanangu, uzio mrefu hukondesha kombe.