Jiko la Nane katika Moyo wa Mkunga

Hapo zamani, asubuhi jambo hili lilipotokea, waliokuwapo ni hawa. Alikuwapo Ambakisye, mkaguzi. Alikuwapo Sekela, mvunjaji. Alikuwapo Lugano, mtunza jiko la saba. Alikuwapo Mzee Mwakajila, mtunza jiko la nane. Wote wanne walikaa ndani ya chembe hai moja, yaani seli, ya moyo wa Tulinagwe binti Mwasile, mkunga, ambaye hakuwajua hata kwa majina.

Majiko hayo wataalamu huyaita mitokondria. Chembe moja ya moyo inayo maelfu. Humo chakula huunguzwa kwa hewa, na moyo hupata nguvu ya kupiga. Chembe ya ngozi ikichakaa, huja nyingine. Chembe ya moyo ni kama haina mrithi. Kwa hiyo sheria ilikuwa kali. Jiko likitoa moshi, mkaguzi alipake chokaa. Likipakwa chokaa, mvunjaji alivunje siku ile ile, na matofali yake yajenge jipya. Moshi wa jiko bovu huua majiko mazima.

Jiko la nane likapata ufa. Mzee Mwakajila akagonga ukuta.

"Lugano, mwanangu, nitobolee hapa kidogo. Nipe makaa."

"Kwani lako limezimika, baba?"

"Limechoka tu. Wewe hujawahi kuchoka?"

Lugano akatoboa ukuta, akampa makaa.

Ambakisye akapita kukagua. Desturi yake ilikuwa kuweka kiganja juu ya jiko. La saba, lina moto. La nane, lina moto. Akapita. Siku ya pili, lina moto, akapita. Siku ya tatu akaona moshi, akapaka chokaa, akamwita Sekela.

Sekela akaja na nyundo. Saa hiyo mkunga alikuwa akipanda kilima kwenda kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu, na moyo ulikuwa ukipiga mbio. Sekela akashusha nyundo.

"Vunja!" akasema Ambakisye.

"Mama yuko mlimani, nawe wataka nimpunguzie moto? Akifika juu nitavunja."

"Sheria inasema leo."

"Na leo haijaisha, kaka."

Moshi ukapita katika tundu la ukuta. Jiko la saba likazimika. Likazimika la sita. Likazimika la tano. Katika chembe za jirani mambo yalikuwa yale yale. Moyo ukaanza kuruka mapigo. Mkunga akaketi kando ya njia, mkono kifuani.

Na wale wanne wakafanya nini? Wakagombana! Mimi si mtu wa kupaza sauti, lakini jambo hili linanichukiza hadi leo.

"Nimekosa nini?" akasema Lugano. "Jirani aliomba makaa, nikampa. Mlitaka nimnyime mzee?"

"Makaa yako ndiyo yaliyonidanganya," akasema Ambakisye. "Nilishika moto wako nikadhani ni wake. Na nilipoona moshi, nilipaka chokaa. Nyundo si yangu."

"Siku mbili ulipapasa kama mnunua maparachichi!" akasema Sekela. "Macho ulimwachia nani? Mimi niliuhurumia moyo uliokuwa ukipanda mlima."

"Huruma hiyo ndiyo iliyomkalisha njiani?" akauliza Ambakisye.

Mzee Mwakajila akakohoa. "Jiko lile nimelichochea tangu binti huyu akiwa mchanga. Nani kati yenu angeiita nyundo juu ya jiko lake mwenyewe?"

Nyundo ilikuwa bado chini.

Sasa ninyi mnaosikiliza, msiniambie kwamba kila mmoja alikuwa na sababu. Sababu nimezisikia. Yupo aliyeficha, yupo aliyegawa makaa, yupo aliyepapasa, yupo aliyengoja. Nitajieni mmoja, kwa jina lake kamili. Je, nani alistahili kubeba lawama?

Tulinagwe binti Mwasile alikufa siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, kabla ya kufika kwa yule mwenye uchungu.