Jioni Kiboko Alipopekuliwa

Zamani sana, wanangu, mito ilipokuwa bado haina majina, Kiboko alikuwa na duka kubwa ukingoni mwa maji. Maji yale yalikwenda polepole mno, hata samaki walisinzia njiani. Wauzaji wa duka walikuwa ishirini na wawili. Wapo wasemao ishirini. Kwetu tumepokea ishirini na wawili.

Kila jioni kengele ilipolia, nggee, ujira ulikoma. Lakini hakuna aliyeondoka. Kiboko aliwapanga mlangoni akawapekua mifuko, mmoja mmoja, bila haraka.

Aliyeumia zaidi ni Digidigi, muuza vitambaa. "Nikifika nyumbani mwanangu amekwisha lala," alimwambia Kindi, muuzaji mwenzake. "Siku hizi shangazi yake ndiye anayemwita mama."

Kindi akamwendea Kiboko. "Mzee, tunaomba tulipwe muda wa mlangoni."

"Ile si kazi. Mnasimama tu. Kusimama kunamchosha nani?"

"Na sheria ya kupekua inamhusu nani?"

"Kila atokaye dukani mwangu."

"Haya, mzee. Nimeelewa."

Kesho yake jioni, ukungu wa rangi ya asali ukitambaa juu ya nyasi, Kiboko alitoka kwenda kujitosa mtoni. Kindi akasimama mlangoni, wateja wakitazama.

"Mzee, tukupekue mfuko."

"Mimi sina mfuko."

"Na hicho kinywa? Gunia la mchele linaingia humo pamoja na mizani yake."

Wateja wakacheka. Kiboko akaona haya, akapanua kinywa, aaaah. Kindi akarukia ndani, akagonga jino moja moja, ti, ti, ti, taratibu kama mtu aotaye. Akatoka, akaingia Nungunungu. Kisha Kicheche. Kila muuzaji alitaka kuhakikisha kwa macho yake mwenyewe.

Jua likateleza. Ngozi ya Kiboko ikakauka, ikaanza kupasuka, pa, pa.

"Mnaniua," akalalama Kiboko, Digidigi alipotoka kinywani. "Jioni yangu yote mmeimaliza hapa."

"Umesimama tu, mzee," akasema Kindi.

Kiboko akainama, akanong'ona. "Kindi mwanangu, nitakulipa wewe. Peke yako. Achana na hawa."

"Sote ishirini na wawili, mzee, na jioni zote zilizopita. Ama tuanze meno ya chini."

Kiboko akautazama mto. Ulikuwa hatua kumi tu, nao uling'aa kama kitu cha usingizini.

"Sote," akasema mwishowe, na wateja wote wakasikia.

Akawalipa siku iliyofuata, wote pamoja, na tangu hapo upekuzi ukafanywa kabla ya kengele.

Digidigi akafika nyumbani jua lingali juu ya nyasi. Mtoto alikuwa macho. Alimtazama kitambo, kisha akampandia mapajani.

Anayekuchukulia muda wako amechukua sehemu ya uhai wako, naye hana budi kuilipa.