Kilichomfanya Tete Ashindwe Kupanda Mti

Paukwa!
— Pakawa!
Mbona mnaitika kivivu? Paukwa!
— Pakawa!
Masikio mmekuja nayo?
— Yote mawili!
Basi yategeni.

Hapo kale, mikuyu ilipokuwa mirefu kuliko hii ya leo, paliishi mtoto wa tumbili, jina lake Tete. Tete alikuwa mnene. Mnene, jamani! Majirani walimsifu: "Mashallah, mtoto ana afya!" Mama yake alifurahi.

Siku moja akaja Chui. Tumbili wote, juu ya miti! Tete akaparamia, akateleza. Akaparamia, akateleza. Akaparamia tena, wapi! Mama akashuka mbio, akamvuta mkono nusura ung'oke.

Chui akalamba midomo. "Huyo mwenye afya nitamrudia."

Mama alilia siku hiyo. Akatafuta dawa.

Fisi akasema, "Mnyimeni chakula." Wakamnyima, Bibi akampa kwa siri. Swala akasema, "Mkimbizeni." Wakamkimbiza, akagoma. Kasuku akasema, "Mchekeni." Wakamcheka, akajificha vichakani, akala maradufu. Nyie mnacheka? Mtoto aliumia!

Ndipo akaja Nguchiro. Hakuwa mganga, alikuwa mdadisi tu. Neno lake lilikuwa moja: "Mbona?" Akamfuata Tete kutwa nzima.

Mama akauliza, "Tete, umekula?"
"Bado." Akapewa ndizi.

Shangazi akauliza, "Umekula, mwanangu?"
"Bado." Akapewa asali.

Bibi akauliza, "Umekula, mume wangu?"
"Bado." Akapewa karanga.

Nguchiro akamvuta pembeni. "Mbona unasema bado, na tumbo limejaa?"

"Nikisema nimekula, Bibi hununa. Husema, 'Kwangu hakuliki?'"

"Kumbe!" Nguchiro akaruka. Akawaita wote. "Mtoto hana kosa. Kila mmoja anamlisha kama wengine hawapo. Kuanzia leo, mle pamoja, sinia moja. Na mkikutana naye, muulizeni, 'Umecheza?'"

Bibi akabetua mdomo. "Dawa gani hiyo?"

Lakini wakajaribu.

"Umecheza, Tete?" Ulimi ulishazoea: "Bado!" Mama akarukaruka naye. "Umecheza, mwanangu?" "Bado!" Shangazi akabembea naye. "Umecheza, mume wangu?" "Bado!"

"Haya, nikamate basi!" Bibi akajifunga leso, akatimka. Wee! Siku za kwanza walilala hoi, yeye na mjukuu. Hawakuacha.

Mvua zikanyesha, zikaanuka. Chui akarudi, kanyata, kanyata, hadi shinani Tete alipokuwa akicheza. Akaruka!

Tete huyooo! Akaparamia, akashika, akapanda. Chui akabaki na maganda ya mti kwenye kucha.

Kufika tawi la juu kabisa, Tete akakuta limeshakaliwa. Nani?

Bibi! Anahema, leso begani.

"Umechelewa, mume wangu," akasema. "Sogea hapa."

Na mimi ngano yangu imefika ncha ya tawi, nikisogea nitaanguka. Aliyeipenda aichukue, aliyesinzia aombe kwa jirani.