Hakuna Diski Iliyopatikana

Wapendwa, palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta aliyefiwa na mkewe. Baada ya msiba akahamia mji ambako hakuwa na ndugu wala rafiki. Kazini walimwita "fundi", wakamwonyesha mashine mbovu, wakaondoka. Jioni alijipikia ugali, na bado alikuwa akikosea kipimo. Ulibaki nusu sufuria.

Siku moja aliitwa kwenye kituo cha afya. Seva, ile kompyuta kubwa inayotunza majalada ya wagonjwa wote, ilikuwa imekufa, na mpya imeletwa. Nakala za majalada zilikuwepo, lakini hazikuwa na pa kuingia mpaka mfumo usakinishwe kwenye ile mpya. Nje, akina mama wamejaa kwenye mabenchi, na wauguzi hawajui nani anatumia dawa gani.

Akaachwa chumbani peke yake, yeye na mlio wa feni. Akaanza kusakinisha. Alipofika mahali pa kuchagua diski, skrini ikaandika: Hakuna diski iliyopatikana.

Akazima, akawasha. Akachomoa nyaya, akazichomeka upya, akajaribu na nyingine. Maneno yakawa yale yale. Muuguzi mkuu akachungulia.

"Vipi, fundi?"

"Inasema hakuna diski, sista."

"Basi zimekufa hizo. Tuirudishe mashine tu, tuletewe nyingine."

Na nyingine ingefika lini? Fundi akaweka kiganja juu ya seva. Diski zilikuwa zinatetemeka chini ya mkono wake, hai kabisa. Ndugu zangu, kitu kilicho hai kinaambiwaje hakipo?

Kulikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza, rafiki aliyefanya naye kazi zamani. Lakini tangu mazishi hakuwa amempigia, na sasa aliona haya. Akaishika simu, akaiweka, akaishika tena, akapiga.

"Ambakisye!" sauti ikaruka upande wa pili. "Ni wewe kweli?"

Alikuwa hajasikia jina lake likitamkwa hivyo tangu mkewe aondoke. Akasingizia kikohozi, kisha akaeleza shida yake.

"Diski zako ni nzima," rafiki akasema. "Tatizo, hiyo programu ya kusakinisha haiifahamu kadi inayozishika. Tafuta draiva, ile programu ndogo ya kuitambulisha hiyo kadi, iweke kwenye flashi, uipe kwanza, ndipo uiambie itafute. Bila draiva haziwezi kuelewana."

Akafanya hivyo. Diski zote zikajipanga kwenye skrini. Kufikia alasiri, wagonjwa wakaanza kuitwa.

Muuguzi mkuu akaja mbio, furaha imemjaa. "Mungu akubariki, fundi! Hivi wewe unasali wapi?"

Akamtajia kanisa.

Muuguzi akacheka. "Acha utani! Mimi naimba kwaya pale pale. Mbona sijawahi kukuona?"

Fundi akafunga mkoba wake taratibu. "Ni mwaka wa pili sasa, sista. Jumapili iliyopita ulinipa mkono wa amani."

Naona mnaniangalia, mnasubiri nilitaje kanisa hilo. Sitalitaja. Mna hakika si hili?

Ile mashine angalau ilikuwa na udhuru: haikupewa cha kuitambulisha ile kadi. Sisi tumekosa nini? Tumepewa macho, tumepewa ulimi, tumepewa hata amri ya kupendana, na bado tunatazama benchi lenye mtu tukasema hakuna mtu. Tunashika mkono wake huku tunamtafuta mwingine kwa macho. Wala tusijifariji kwamba mbona yeye hasemi. Mtu aliyeumia huona haya hata kupiga simu.

Leo ibada ikiisha tusikimbilie mlango. Geuka. Muulize jina lake, muulize anapoishi. Kisha wiki hii hii nenda kwake, ukae mpaka chai ipoe.