Beberu wa Sajini

Cherehani ya Siwema iliibwa mchana kweupe, na Kichangani nzima ilimjua mwizi. Ni Mkude, ambaye kila akipelekwa kituoni hurudi nyumbani kabla chai yake haijapoa. Vijana walishaandaa tairi na chupa ya petroli.

"Subirini kwanza," Siwema aliwaambia, akaenda kituoni.

"Gari halina mafuta, mama," alisema Sajini Lugome huku akichokonoa meno.

"Pole, afande. Mtaani yapo, yako kwenye chupa. Mimi nimekuja kukwambia tu kwamba nina beberu mweupe, kanona. Nimekupa wewe. Nitakufugia mpaka sikukuu."

Sajini alishukuru kwa niaba ya serikali.

Kesho yake Siwema alirudi analia. "Afande, beberu wako kaibwa. Namshuku Mkude."

Mafuta yalipatikana papo hapo. Askari walivunja mlango wa Mkude, wakatoa cherehani, baiskeli na redio za watu, ila beberu hakuonekana. Sajini aliapa kwamba Mkude hatoki rumande mpaka amtoe beberu.

"Sasa beberu yuko wapi?" vijana walimuuliza Siwema jioni.

"Beberu gani?" alijibu, akitunga uzi kwenye sindano. "Mimi fundi nguo. Sijawahi kufuga hata kuku."