Kona ya Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Wewe unayekohoa, kohoa umalize kabisa. Hapo kale, kale ambayo hata babu yangu aliisikia tu, palikuwa na mji wenye barabara moja kuu. Ilitoka langoni mpaka msikitini, lakini haikwenda moja kwa moja. Ikaenda, ikapinda. Ikaenda, ikapinda tena.

Kwenye kona ya kwanza alikaa Bi Mize, mjane, mpika mikate ya mofa. Nyumba aliirithi kwa bibi yake, na tanuri lilijengwa ndani ya ukuta. Ukuta ukienda, tanuri limekwenda, na riziki imekwenda nalo.

Basi Jumbe wa mji akawa anamwoza mwanawe. Akakaa barazani kwake, akaitazama barabara, akakunja uso. "Harusi ya mwanangu haitapita njia iliyopinda," akasema. "Ile nyumba ya muuza mikate imetokeza. Ijumaa ivunjwe."

Bi Mize akasikia. Akalia mpaka unga ukamganda mikononi.

Lakini mji ule ulikuwa na desturi: ukuta hauvunjwi mpaka mzee wa mji asimulie asili yake mbele ya watu. Na mzee mwenyewe ni Mzee Mwinyimvua. Huyo, jamani, alijua kila kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Kwa nini soko la samaki liko mbali na bahari? Paka wa ufukweni walikuwa wengi kuliko wavuvi. Kwa nini mlango wa msikiti ni mfupi? Seremala alijipima mwenyewe, naye alikuwa mbilikimo. Watu wakimwona anakuja, wana haraka. Hata Bi Mize alikuwa akisema mkate unaungua.

Leo yeye ndiye aliyemfuata mbio. "Babu, nisaidie. Nyumba yangu inavunjwa."

"Leo mkate hauungui?"

Bi Mize akaona haya. "Nisamehe, babu."

"Yamekwisha, mjukuu wangu. Nitafutie kamba, ndefu kweli kweli."

Ijumaa watu wakajaa. Mzee akaanza taratibu. "Waliojenga mji huu walimtanguliza punda. Ko-ko-ko, ko-ko-ko. Alipopita punda, ndipo ilipopita barabara. Akafika hapa, akamkuta nyanya wa bibi yake Bi Mize ameanika mtama. Yule mama akashika ufagio. Punda akapinda."

Watu wakacheka. Jumbe hakucheka. "Mimi sifuati punda. Nyoosheni."

"Hatukatai, Jumbe. Ila tupime kwanza, tusije tukavunja bure."

Vijana wakaifunga kamba langoni, wakaivuta. Vuuu! Ikakata katikati ya tanuri la Bi Mize. Jumbe akatabasamu. Wakaivuta tena. Vuuu! Ikapanda barazani kwa Jumbe, ikaingia sebuleni, ikapita juu ya kitanda chake, ikatokea jikoni, ndipo ikafika msikitini.

Nyani haoni… mwaijua wenyewe, sitaimalizia.

"Kamba imelegea," akasema Jumbe.

"Ikazeni," akasema Mzee. Wakaikaza, na chandarua cha Jumbe kikaanguka.

"Punda alipinda mara ya pili," Mzee akaendelea. "Alimkuta babu wa babu yako, Jumbe, amelala njiani hoi, haamshiki. Akamkwepa. Naye alipoamka akajenga palepale. Sasa tuvunje. Tuanzie nyumba ipi?"

Jumbe akaitazama kamba. Akakitazama kitanda chake. Akamtazama Bi Mize. Kisha kicheko kikamshinda. "Kunjeni kamba," akasema. "Harusi itapinda."

Ikapinda, na vigelegele juu. Miaka ikapita, Mzee Mwinyimvua akafariki. Jeneza lake lilipita njia ileile, likapinda kona zote mbili, na aliyelibeba mbele alikuwa Jumbe.

Basi ukikuta kilichopinda, usikimbilie kukinyoosha. Uliza kwanza kimekwepa nini.

Hadithi yangu imetua mzigo wake hapo.