Karai la Harusi na Koo la Simba

Mwaka ule mvua iligoma. Maua yalikauka, nyuki wakafungasha virago, na asali ikabaki kitu cha kusimuliana. Aliyeumia kuliko wote alikuwa Simba. Vumbi lilimkaba koo, na bila asali ya kulilainisha akawa anakwaruza tu, yeye aliyezoea kunguruma mpaka vilima vikaitika. Kwa majivuno aliyokuwa nayo, aliona aibu hata kuitikia salamu.

Sungura alikuwa na kishamba cha miwa kando ya chemchemi, mahali pekee palipobaki na maji ya kunywesha wanawe. Akaenda kwa Simba.

"Mkubwa, nyuki wamehama lakini miwa ipo. Nitaikamua, nichemshe maji yake mpaka yawe mazito. Asali ya miwa nayo hulainisha koo."

Fisi alikuwa nyuma ya kichaka, kama kawaida yake panapotajwa chakula. Kishamba kile alikuwa amekimezea mate siku nyingi.

"Mkubwa, huyu atakupikia kijiko kimoja," akasema. "Nipe mimi kazi hiyo. Nikimshinda, shamba liwe langu."

Simba hakuwa na sauti ya kubishana. Akaamua wapike wote, kila mmoja mtungi wa maji ya miwa na mzigo wa kuni. Atakayeleta asali kabla jua halijatua, shamba ni lake. Sungura akaingiwa na hofu, maana aliwafikiria wanawe.

Uani kwa Simba kulikuwa na vyombo vitatu: karai la harusi, pana kama kitanda, karai la kadiri, na kisufuria cheusi. Fisi alilirukia karai la harusi. Kisha, ili kumkomoa mwenzake, akalikalia lile la kadiri.

"Bwana Fisi, utapikia mawili?" Sungura akauliza.

"Hili ni kiti changu. Wewe chukua kisufuria, ni saizi yako."

Sungura alijua hesabu ya jikoni. Kisufuria kingemeza maji kidogo kidogo, na yaliyobaki mtungini yangechacha kwa joto kabla hayajafikiwa. Hata hivyo hakulalamika. Alikikumbatia kisufuria, akakinusa, akafumba macho.

"Ahsante sana. Hiki ndicho kilichokaangiwa nyama za sikukuu. Bado kina ukoko wa mafuta pembeni."

Pua ya Fisi ikacheza. "Lete hapa. Chukua hicho kiti."

Wakawasha moto. Maji ya Fisi yalitandaa kwenye karai la harusi, yakalowesha kitako chake tu, na mara yakaanza kutokota kwa kelele. Fisi akasukumia kuni zote kwa mkupuo.

"Sikia linavyoimba!" akasema. "Lako bado limelala?"

"Limelala, bwana. Ndiyo kwanza najaza," akajibu Sungura. Maji yake yalikuwa na kina cha kutosha. Akawa anaengua povu, anachochea kuni mojamoja, anakoroga taratibu.

Fisi alijilaza kivulini kulamba ukoko wa kisufuria. Alipokumbuka jiko, moshi ulikuwa umefunika ua mzima. Karaini hapakuwa na asali, palikuwa na gamba jeusi lililogandamana. Akakwangua kidogo, akamimina maji, akakoroga. Rangi ikatoka kahawia, nzuri ajabu. Fisi akakimbia nayo.

"Mkubwa, ya kwangu imewahi. Kunywa yote kwa mkupuo, ndiyo dawa."

Simba akanywa. Akakohoa masizi. Akafungua kinywa kunguruma, ikatoka sauti ya paka aliyefungiwa stoo. Ndege waliokuwa juu ya paa wakacheka wazi, naye Simba nusura azimie kwa fedheha.

Ndipo Sungura akafika na kibuyu, jua likiwa limebakiza kidogo tu kutua. Asali ilitiririka nzito, yenye kung'aa. Simba akameza kwa mashaka, akatulia, akameza tena. Kisha akanguruma, vilima vikaitika, na Fisi akajikuta amekaa chini bila kupenda.

Shamba likabaki kwa Sungura, wanawe wakanywa chemchemini jioni ile ile. Fisi akapewa karai la harusi na rundo la mchanga, asugue mpaka Simba ajione uso wake humo. Simba hupenda kujiangalia sana, kwa hiyo kazi ile haikuisha upesi.

Msimu uliofuata Simba alimwita Fisi jikoni, akamwonyesha vyombo vyote vitatu.

"Haya, chagua. Maji ya miwa utayapikia katika kipi?"

Fisi alilitazama karai la harusi, akatazama kucha zake zilizolika.

"Mkubwa," akasema kwa adabu, "kwanza nionyeshe mtungi."